UZI: Milima ya chokaa na mapango yake. Kuna shimo Hispania lenye kina kirefu kuliko Ziwa Tanganyika

Mwalimu wa Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nina namba mbili za kuanzia. Ziwa letu Tanganyika, pale lilipo na kina kirefu kuliko kote, ni mita 1,470. Mtu wa Kibirizi akikwambia ziwa halina mwisho, anasema alichokiona, maana hakuna kamba ya mvuvi iliyowahi kugusa chini kule katikati. Namba ya pili ni 1,589. Hicho ni kina cha shimo lililoko kaskazini mwa Hispania, kwenye safu ya milima iitwayo Picos de Europa. Jina lake Torca del Cerro del Cuevón. Ukijumlisha kuteremka kote, kutoka mdomoni hadi mahali wapimaji walipofika, unalipita ziwa letu na bado unabakiwa na zaidi ya mita 100. Hakuna binadamu aliyelichimba. Limechimbwa na maji ya mvua.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kigoma mjini. Kila mwaka nikifika mada ya maji ya ardhini naona wanafunzi wananakili: stalaktaiti inaning'inia, stalagmaiti inasimama. Mtihani unakuja, wanapata alama, wanasahau. Hakuna aliyewahi kuona pango, na mimi mwenyewe nimeingia moja tu, Amboni kule Tanga, nikiwa chuo. Mwaka huu nikasema hapana, safari hii tuanze na kitu wanachokijua.

Nikachukua birika la ofisini. Mnalijua birika la Kigoma: maji ya ziwa ni magumu, yana madini mengi ya magnesiamu na kalisiamu, na ukichemsha kila siku ndani panajenga ukoko mweupe. Nikabandua kipande kwa ncha ya kisu. Kilikuwa chembamba kama ganda la yai, na ukikitazama pembeni unaona matabaka, jembamba juu ya jembamba. Nikakiweka kwenye kisahani, nikakamulia ndimu. Kikaanza kutoa povu, vipovu vidogo vidogo vikichemka bila moto. Darasa zima likasimama juu ya madawati.

Nikawaambia: mmeona pango likichimbwa, na ukoko wenyewe ndio stalaktaiti.

Naweka maelezo kamili chini hapo. Naomba msinikatize kwanza.

Mwalimu wa Mwanga

Naendelea.

Jiwe la chokaa kwa sehemu kubwa ni mabaki ya viumbe wa baharini, magamba na matumbawe, yaliyolundikana chini ya bahari yakashindiliwa yakawa mwamba. Mwamba wa Picos de Europa ulilala chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Baadaye ardhi ikakunjwa, ikapasuka, ikasukumwa juu. Leo kilele kirefu cha safu hiyo, Torre de Cerredo, kina kama mita 2,650, na bahari iko karibu kiasi kwamba wasimulizi wa kule husema mabaharia waliotoka Amerika waliviona vilele hivyo kwanza kabla ya nchi nyingine yoyote ya Ulaya, ndiyo wakaviita hivyo, Vilele vya Ulaya.

Sasa mvua. Tone likipita hewani linachukua hewa ya ukaa kidogo. Likiingia kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, linachukua nyingi zaidi, na maji yanageuka asidi dhaifu mno, ndimu ni kali mara nyingi kuliko hiyo. Lakini jiwe la chokaa huyeyuka kwa asidi hiyo. Maji yanaingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, yanaula, ufa unakuwa wa kidole, halafu wa ngumi, na ufa unaopitisha maji mengi ndio unaopanuka haraka kuliko wenzake, kwa hiyo maji yote ya jirani yanahamia humo. Baada ya miaka elfu nyingi una mto ndani ya mlima. Mto ukipata njia ya chini zaidi unahama, na ile njia ya zamani inabaki tupu. Hilo ndilo pango. Ukitembea ndani ya pango unatembea ndani ya mto uliohama.

Na yale mapambo? Maji yaliyoshiba chokaa yakidondoka ndani ya pango tupu, hewa ya ukaa inatoka, na chokaa haiwezi tena kubaki ndani ya maji. Inaganda. Ni kama birika letu, ila kule hakuna moto.

Kuna jambo ambalo vitabu vyetu havilisemi vizuri, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Vilele na mapango tunavifundisha kama mada mbili. Ni kitu kimoja. Pale juu hakuna vijito vya kumomonyoa sura ya mlima, kwa sababu mvua na theluji iliyoyeyuka vinazama palepale vinapoangukia. Barafu za zamani zilichonga kuta, na baada ya barafu kuondoka hakukuwa na maji ya kutosha juu ya ardhi kuzilainisha. Kuta zimebaki wima. Na kadiri kilele kinavyokuwa juu na mto wa bondeni unavyokuwa chini, ndivyo maji yanavyopata nafasi ya kuteremka, na ndivyo shimo linavyokuwa refu. Mtu akikuonyesha mlima wa chokaa, muulize maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Akijibu hayo mawili, ameshakueleza mlima mzima.

Mvuvi wa Kibirizi

Shikamoo mwalimu. Kuhusu kamba umesema kweli kabisa. Sasa swali. Milima ya Mahale ni mirefu, kilele chake cha Nkungwe nakiona kutoka ziwani kila nikishuka kusini. Mbona hatusikii mapango makubwa kule? Na mvua inanyesha kweli kweli.

Mwalimu wa Mwanga

Marahaba kaka, swali zuri sana.

Nkungwe ina mita 2,462, karibu sawa na vile vilele vya Hispania. Mvua ipo, urefu upo. Kinachokosekana ni jiwe linaloyeyuka. Miamba ya Mahale ni migumu ya aina nyingine, ndimu ya mvua haiifanyi kitu. Ndiyo maana ukipita na boti unaona vijito vinateremka wazi wazi mlimani hadi ziwani, na msitu umejaa mabondeni. Kule Picos ukipanda juu kiangazi utashangaa: mvua nyingi kwa mwaka, lakini unatembea saa nzima juu ya mwamba mweupe bila kuona kijito. Wachungaji wa kule kiu yao ni hiyohiyo miaka nenda rudi. Badala ya mabonde ya kawaida, juu kuna mabakuli makubwa yaliyofungwa pande zote, wenyewe wanayaita "jou". Maji yanaingia humo kila upande, hayatoki upande wowote. Yanashuka chini.

Maziwa yapo machache. Enol na Ercina ni maarufu, juu ya mahali pa hija paitwapo Covadonga, na yanasimama pale kwa sababu barafu za zamani ziliacha udongo na kifusi kilichoziba sakafu. Ondoa huo udongo, ziwa linazama.

Fundi Gungu

Mwalimu, hiyo chokaa ndiyo hii tunayopaka ukutani?

Mwalimu wa Mwanga

Asili yake ni hiyo fundi. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri kwa moto mkali, hewa ya ukaa inatoka na linabaki jiwe jepesi linalouma ngozi. Ukilimwagia maji linachemka na kupasuka, unapata unga wa kupaka. Ukishapaka, ukuta unavuta tena hewa ya ukaa taratibu na chokaa inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wako uliopakwa chokaa una utando wa mlima juu yake.

Mama Wawili Ujiji

Mimi nimevutiwa na hao watu wanaoishi kule. Wanaishije kwenye milima isiyo na maji juu?

Mwalimu wa Mwanga

Dada yangu, hapa ndipo ninapopapenda.

Safu hiyo imekatwa na mito katika mafungu matatu: la magharibi wanaliita Cornión, la kati Urrieles, la mashariki Ándara. Kati ya la magharibi na la kati kuna mto Cares, umechimba korongo jembamba lenye kuta ndefu ajabu. Njia ya miguu kutoka Poncebos hadi kijiji cha Caín ni kama kilomita 12, imechongwa ubavuni mwa mwamba, na asili yake ni mfereji wa kupeleka maji kwenye mtambo wa umeme, kazi iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Kijiji kingine, Bulnes, hakina barabara ya gari hadi leo. Watu walipanda kwa miguu na nyumbu hadi mwaka 2001 ilipofunguliwa treni ya kuvutwa kwa kamba inayopita ndani ya mlima.

Wanafuga. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, kiangazi wanawapandisha malishoni juu. Maziwa wanatengeneza jibini iitwayo Cabrales, na hapa pango linaingia jikoni. Jibini inawekwa kwenye rafu za mbao ndani ya mapango ya chokaa kwa miezi miwili na kuendelea, kwenye baridi isiyopanda wala kushuka na unyevunyevu karibu asilimia 90. Hewa inapuliza kupitia nyufa za mwamba, ukungu wa buluu unaingia ndani ya jibini na kuikomaza. Mwanamke anaingia na taa, anageuza kila donge, anafuta, anarudisha. Zamani waliifunga kwa majani mapana ya mti, kama sisi tunavyofunga vitu kwa majani ya mgomba.

Kijana niliyemfundisha zamani yuko masomoni Oviedo, si mbali na milima hiyo. Alinitumia sauti kwenye simu akiwa mlangoni mwa pango la jibini. Anasema harufu inakufikia kabla hujaona mlango, na ukiweka kiganja kwenye ufa wa mwamba unasikia upepo wa baridi ukikupiga mkononi, wakati nje jua linawaka. Mlima unapumua, alisema. Nimeisikiliza sauti hiyo mara nyingi.

Bwana Misitu wa Uvinza

Mwalimu, kuna kilele pale nimeona picha yake, kama jino limesimama peke yake. Kinapandwa?

Mwalimu wa Mwanga

Hicho ni Naranjo de Bulnes, wenyeji wanakiita Picu Urriellu. Mita 2,519. Ukuta wake wa magharibi unasimama kama mita 550 bila mteremko, na jua la jioni likiupiga unageuka rangi ya chungwa. Waliokipanda kwanza ni wawili, tarehe 5 Agosti 1904: Pedro Pidal, mtu wa ukoo wa kitajiri, na Gregorio Pérez, mchungaji wa Caín. Pidal alikuwa amenunua kamba London. Aliyetangulia mbele kwenye mwamba ni mchungaji.

Pidal huyohuyo alipigania sheria ya hifadhi za taifa ya Hispania ya mwaka 1916, na mwaka 1918 Covadonga ikawa hifadhi ya kwanza ya nchi hiyo. Mwaka 1995 mipaka ikapanuliwa kuchukua safu yote.

Mdau wa Tabora

Nimesoma Tanga. Tuliambiwa pango la Amboni linatokea Mombasa, na kuna njia inakwenda mpaka Kilimanjaro. Ni kweli?

Mwalimu wa Mwanga

Na mimi niliambiwa hivyo na mzee aliyetutembeza, na nilimpenda kwa namna alivyosimulia. Amboni ni mahali pa heshima, watu wanapeleka maombi yao humo, na miaka ya 1950 Osale Otango aliyekuwa akisakwa na wakoloni alijificha humo. Lakini tutumie kipimo chetu cha maji. Kilimanjaro ni volkano, mwamba wake si wa chokaa, mvua haiuyeyushi ikatengeneza njia. Na Amboni iko karibu na usawa wa bahari, maji hayana pa kushukia kwa kina. Uchunguzi wa mwaka 1994 ulikuta mapango kumi, lililo refu kuliko yote likiwa na kama mita 900. Mita 900 za kutembea gizani si kidogo, ndugu yangu. Nilizima tochi sekunde chache tu nikasikia moyo wangu wenyewe.

Ukitaka kuona urefu wa mlima unavyotengeneza kina cha pango, tazama Arabika, kule Abkhazia, Georgia, kando ya Bahari Nyeusi. Mlima wa chokaa unainuka zaidi ya mita 2,000 karibu na ufukwe. Pango la Veryovkina limepimwa zaidi ya mita 2,200, ndilo refu kwenda chini kuliko yote yanayojulikana duniani. Na wachunguzi walijua mapema kwamba kina hicho kipo, kwa sababu mwaka 1984 walimwaga rangi kwenye maji yanayoingia juu mlimani, ikatokea kwenye chemchemi za pwani. Mtu hajafika, rangi imefika.

Kijana wa Kasulu

Shikamoo mwalimu. Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba kuuliza la kwetu. Kijijini kwetu huku Kasulu kuna shimo kwenye shamba la babu mdogo. Halikuchimbwa. Mvua ikinyesha maji ya mtaa wote yanaingia pale na halijai. Wazee wanasema ni mdomo wa ardhi. Jiwe lake la kijivu. Linaweza kuwa pango la chokaa? Vijana tunataka kuingia na kamba.

Mwalimu wa Mwanga

Marahaba mwanangu. Kwanza msiingie. Nitaeleza kwa nini baadaye, ila msiingie.

Kuhusu jiwe: inawezekana kabisa. Ramani za jiolojia zinaonyesha mwamba wa dolomaiti upande wa Ilagala na huko Kasulu. Dolomaiti ni ndugu wa jiwe la chokaa, ina magnesiamu ndani yake, na inayeyuka pole pole zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja wa Ilagala aliniletea kipande cha kijivu. Tulikidondoshea asidi ya haidrokloriki ya maabara, nyepesi, kikanyamaza. Watoto wakasema siyo. Nikakwangua kwa msumari nikapata unga, nikadondosha tena juu ya unga: vipovu, vichache, vivivu, lakini vipo. Hiyo ndiyo dolomaiti. Leta kipande chako siku ukija mjini, tutakwangua pamoja.

Sasa kwa nini msiingie. Hewa nzito ya ukaa hukaa chini kama maji kwenye kisima, mtu anakosa pumzi, anazimia, anaweza kufa. Popo wakiwepo, vumbi la kinyesi chao lina vimelea vinavyoshika mapafu. Na mvua ikinyesha juu mkiwa ndani, maji ya mtaa wote yanawafuata ninyi. Hata wale wa Picos wenye vifaa vyote na mafunzo ya miaka wanachungulia mawingu kwanza.

Nina swali moja. Kuna watu wanatupa kitu humo? Na bondeni chini yake kuna chemchemi?

Kijana wa Kasulu

Ndiyo mwalimu. Taka zinatupwa. Ng'ombe wa jirani alikufa mwezi uliopita wakamtumbukiza humo kwa sababu halijai. Na chemchemi ipo, chini kama dakika ishirini kwa miguu. Ndiyo tunayochota. Maji yake ni masafi, ya baridi, tunayasifu.

Mwalimu wa Mwanga

Mwanangu, nisikilize vizuri.

Kule Covadonga kuna pango takatifu, watu wanafika kuhiji. Chini ya pango maporomoko ya maji yanatoka mwambani, meupe, mazuri. Maji hayo yanatoka kwenye bonde la Orandi, juu yake, ambako kijito kinaingia shimoni na kupotea. Unachoweka Orandi kinaweza kukufikia Covadonga. Mlima wa mchanga huchuja maji, yanapenya chembe kwa chembe. Mlima wa chokaa hauchuji. Ni bomba. Yanaweza kuwa ya baridi na yang'ae kama kioo, na yawe yametoka kwa yule ng'ombe.

Sisemi kwamba shimo lenu na chemchemi yenu vimeunganika. Nasema tuchunguze. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, andika saa ilipoanza. Kisha nenda chemchemi kila baada ya nusu saa, uchote kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, uandike saa kwenye kila chupa. Usimwage rangi yoyote humo bila wataalamu, watu wanakunywa.

Mama Wawili Ujiji

Mwalimu, roho imenidunda. Kijana tafadhali rudi utuambie.

Kijana wa Kasulu

Nimerudi. Mvua ilinyesha jana, ilianza saa nane na robo mchana, kubwa. Saa tisa maji ya chemchemi yalikuwa meupe kama siku zote. Saa tisa na nusu vilevile. Saa kumi yakaanza ukungu. Saa kumi na nusu yalikuwa mekundu kama udongo wa shambani kwa babu, na kulikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki kinazunguka kisimani. Chupa zote ninazo, nimezipanga dirishani. Mama ameziangalia akakaa chini.

Mwalimu wa Mwanga

Umefanya kazi ya mtu mzima. Yanayoingia juu yanakufikieni ndani ya saa mbili hivi, na hayapiti kwenye chujio lolote.

Leo hii, kabla ya jua kuzama: maji yote ya kunywa yachemshwe yatokote, hata yakionekana masafi, na kwanza ya watoto. Nenda na zile chupa kwa mwenyekiti wa kitongoji, usiende mikono mitupu. Mkitoka hapo muone bwana afya wa kata, naye awafikishie watu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, pale wilayani. Mwambie babu mdogo, kwa adabu, kwamba shimo lake halilaumiwi, ila lizungushiwe miti ya miiba asikaribie mnyama wala mtu na taka. Msilizibe kwa kifusi, maji yatatafuta mdomo mwingine, labda chini ya nyumba ya mtu.

Jumamosi napanda basi la asubuhi la Kasulu. Nakuja na asidi kidogo, msumari, na wanafunzi wanne waliosimama juu ya dawati siku ile ya birika. Chupa usizimwage.